Kutoka Sadaka hadi Stahiki: Uwajibikaji katika Matunzo ya Wazee na Wasiojiweza Zanzibar, 1905–2016

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya usimamizi wa matunzo ya wazee na wasiojiweza Zanzibar, tangu kuundwa kwa Kamisheni ya Wakfu mwaka 1905 hadi kuanza kwa Mpango wa Pensheni Jamii mwaka 2016. Mijadala mingi kuhusu utawala bora katika huduma za jamii huanzia katika mageuzi ya miaka ya 1990, kana kwamba kabla ya hapo hapakuwa na kanuni za uwajibikaji. Makala yanapinga mtazamo huo. Yanajenga hoja kwamba kila kipindi kilikuwa na namna yake ya kujibu maswali matatu: nani ameshika dhamana, hesabu inatolewa kwa nani, na mtunzwaji ana njia gani ya kudai. Kwa kufuatilia majibu ya maswali hayo, makala yanaonyesha kwamba upanuzi wa huduma haukwenda sambamba na upanuzi wa sauti ya mtunzwaji. Kipindi cha ukoloni kiliongeza daftari na kupunguza madai. Kipindi cha Mapinduzi kiliongeza huduma bila kuongeza mahali pa kuulizia. Na Pensheni Jamii ilirejesha wazo la stahiki, ingawa mlango wa kuifikia stahiki hiyo ulibaki mikononi mwa viongozi wa shehia.

1.0 Utangulizi

Mnamo Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa shilingi 20,000 kwa mwezi kila Mzanzibari mkaazi aliyetimiza umri wa miaka 70. Mlipwaji hakutakiwa kuonyesha kwamba ni maskini, kwamba hana watoto, wala kwamba aliwahi kuajiriwa. Alitakiwa kuthibitisha umri na ukaazi wake tu. Kwa kuwa fedha zote zilitoka katika mapato ya serikali yenyewe, mpango huu ulihesabiwa kuwa wa kwanza wa aina yake Afrika Mashariki, miaka miwili kabla ya Kenya kuanza kuwalipa wazee wake wote wa umri huo kupitia Inua Jamii. Tanzania Bara, iliyokuwa na Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, haikuwa na malipo ya namna hiyo.

Kwa thamani ya wakati huo, kiasi hicho kilikuwa takriban dola 9 za Marekani. Fedha hizo hazikutosha kumtunza mtu kwa mwezi. Hata hivyo, umuhimu wa kihistoria wa mpango huu haumo katika ukubwa wa kiwango. Umo katika mabadiliko ya nafasi ya mpokeaji. Kwa zaidi ya karne moja, mzee asiyejiweza wa Zanzibar alikuwa ama mfadhiliwa wa tajiri, ama mwombaji mbele ya ofisa, ama mgeni wa dola katika nyumba ya wazee. Mwaka 2016 aliandikwa kuwa mstahiki. Swali linaloongoza makala haya ni hili: je, mabadiliko ya jina yalikuwa pia mabadiliko ya uwezo wa kudai hesabu?

Ili kulijibu swali hilo, makala yanarudi nyuma hadi kwenye wakfu, kwa sababu ndiyo taasisi kongwe zaidi ya matunzo visiwani ambayo ilikuwa na sheria, msimamizi na walengwa wanaojulikana.

2.0 Dhana ya Utawala Bora na Lugha ya Amana

Istilahi ya utawala bora iliingia katika mijadala ya maendeleo ya Afrika baada ya ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1989 kuhusu nchi za Kusini mwa Sahara. Zanzibar iliipa istilahi hiyo nafasi rasmi katika Mkakati wa Kukuza Uchumi na Kupunguza Umasikini, yaani MKUZA, ambao nguzo yake ya tatu ilihusu utawala bora na umoja wa kitaifa. Katika matumizi hayo, utawala bora humaanisha uwazi, uwajibikaji, ushirikishwaji na utawala wa sheria.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba jamii ya Kiswahili ilisubiri istilahi hiyo ndipo ipate kipimo cha uongozi wa mali ya wengine. Lugha yenyewe ina akiba ya maneno ya zamani kuhusu jambo hili: amana, dhamana, wasia, hesabu na khiyana. Mwenye kushika amana hamiliki. Anashikilia kwa ajili ya mwingine, na siku ya kuulizwa ipo. Methali ya mali bila daftari kuisha bila habari inaeleza hitaji la kumbukumbu kwa ufupi kuliko waraka wowote wa sera. Nayo methali ya kuvuja kwa pakacha kuwa nafuu ya mchukuzi inatambua jambo ambalo wataalamu wa utawala hulieleza kwa kurasa nyingi: aliyepewa kubeba anaweza kunufaika na upotevu wa anachokibeba.

Kwa kuzingatia akiba hiyo, makala haya yanapima kila kipindi kwa vigezo vitatu. Kwanza ni dhamana: nani amekabidhiwa matunzo, na kwa chombo gani cha kisheria. Pili ni hesabu: mkabidhiwa anatoa taarifa kwa nani. Tatu ni dai: mtunzwaji asiporidhika ana mahali gani pa kwenda. Vigezo hivi havilazimishi kipindi kimoja kuvaa joho la kingine, kwa kuwa kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuulizwa mbele ya kadhi wa karne ya 19 na mbele ya Baraza la Wawakilishi la karne ya 21.

3.0 Wakfu kama Mfumo wa Matunzo

Katika sheria ya Kiislamu, mtoa wakfu huifunga mali yake isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, na mapato au matumizi yake huelekezwa kwa lengo alilolitaja. Zanzibar ya karne ya 19, iliyostawi kwa karafuu na biashara ya bahari, ilikuwa na wakfu nyingi: misikiti na visima, mashamba ya minazi na mikarafuu, nyumba za Mji Mkongwe, na viwanja vya Ng'ambo. Baadhi zilikuwa kwa ajili ya ibada. Nyingine zilikuwa kwa ajili ya watu: jamaa, mafakiri, wasafiri, na watumwa walioachwa huru pamoja na vizazi vyao.

Kundi hili la mwisho lina uzito wa pekee. Amri ya mwaka 1897 ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa, na ile ya mwaka 1909 ikakamilisha kazi hiyo. Uhuru uliotokana na amri hizo haukuja na ardhi wala akiba ya uzeeni. Mtu aliyekuwa mtumwa na sasa amezeeka, asiye na ukoo visiwani, alihitaji mahali pa kulala na pa kuzikwa. Kwa baadhi yao jibu lilikuwa chumba au kiwanja cha wakfu kilichotengwa na bwana wa zamani. Oberauer (2008), katika uchunguzi wake kuhusu mageuzi ya wakfu Zanzibar wakati wa ukoloni, analiweka suala la wategemezi hao katikati ya historia ya taasisi hii.

Uhusiano huo haukuwa wa usawa. Wakfu uliendeleza daraja za kijamii hata baada ya minyororo kukatika, kwa kuwa aliyepewa makazi aliendelea kujulikana kwa jina la aliyempa. Lakini kwa upande wa sheria, wakfu ulikuwa na sifa moja ambayo sadaka ya kawaida haina. Ulikuwa na matakwa yaliyotajwa, na mutawalli, yaani msimamizi, alilazimika kuyafuata. Mlengwa aliyenyimwa alikuwa na haki ya kumshitaki msimamizi mbele ya kadhi, na kadhi aliweza kumwondoa msimamizi aliyefanya khiyana. Kwa maneno mengine, dai la mlengwa halikutegemea huruma ya msimamizi. Lilitegemea matakwa ya mtoa wakfu, aliyeweza kuwa marehemu kwa miaka mingi na ambaye msimamizi hakuweza kumbembeleza abadili nia.

Udhaifu wa mfumo huu ulikuwa katika ushahidi. Wakfu nyingine ziliwekwa kwa maneno ya mdomo mbele ya mashahidi. Mashahidi walipokufa, nyumba ya wakfu iliweza kuuzwa kama mali ya mtu binafsi. Kumdai msimamizi kulihitaji pia ujasiri ambao mtu aliyekuwa mtumwa hakuwa nao daima mbele ya jamaa za bwana wake. Haki ilikuwapo, nguvu ya kuitumia haikugawanywa sawa.

4.0 Daftari la Kamisheni, 1905–1963

4.1 Kuundwa kwa Kamisheni

Mwaka 1905, katika enzi ya Sultan Ali bin Hamoud na chini ya himaya ya Uingereza, ilitolewa amri iliyounda chombo cha serikali cha kusimamia mali za wakfu. Amri hiyo ilirekebishwa mara kadhaa katika miaka iliyofuata. Kamisheni ilipewa uwezo wa kuchukua usimamizi wa wakfu zisizo na msimamizi au zilizosimamiwa vibaya, na baadaye uwezo wa kuelekeza ziada ya mapato kwenye shughuli nyingine za kheri. Maofisa wa Kiingereza na makadhi wa madhehebu ya Kisunni na Kiibadhi waliketi katika muundo mmoja, lakini mizani ya maamuzi ililalia upande wa serikali.

Sababu zilizotolewa zilikuwa za utawala bora kwa lugha ya wakati huo: kuzuia ubadhirifu, kuandikisha mali, kutunza vitabu vya mapato na matumizi. Si haki kuzipuuza sababu hizo. Mali nyingi ziliokolewa kwa kuandikishwa, na kumbukumbu za Kamisheni zimekuwa hazina kwa watafiti. Anderson (1954), aliyechunguza hali ya sheria ya Kiislamu katika makoloni ya Uingereza barani Afrika, aliutazama usimamizi wa wakfu Zanzibar kama mfano wa sheria hiyo kuwekwa chini ya mitambo ya serikali ya kisasa.

Hata hivyo, daftari hilo lilikuwa na msomaji wake. Kabla ya 1905, hesabu ya msimamizi ilielekea kwa mlengwa na kadhi. Baada ya 1905, ilielekea kwa ofisi ya juu. Wakfu wa nyumba moja kwa ajili ya watu wanaojulikana uligeuka kuwa mstari mmoja katika jedwali la mapato. Ziada ilipopatikana, wenye kauli juu ya matumizi yake walikuwa makamishna. Mali ikapata daftari, lakini waliotajwa ndani yake hawakuwa miongoni mwa walioweza kulifungua.

4.2 Ng'ambo na Mgomo wa Mwaka 1928

Athari ya mabadiliko hayo ilionekana wazi Ng'ambo, upande wa pili wa mkondo uliotenganisha Mji Mkongwe na makazi ya watu wa kawaida. Wakazi wengi wa Ng'ambo walijenga vibanda vya miti na udongo juu ya ardhi ya wengine. Fair (2001) anaonyesha kwamba katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, viwanja ambavyo wakazi waliviona kuwa vyao vya kukaa, kwa ahadi, kwa ufuasi au kwa wakfu, viligeuzwa kuwa chanzo cha kodi ya ardhi. Kodi hiyo ilipanda kwa haraka katika miaka ya 1920.

Mwaka 1928 wapangaji walikataa kulipa. Mgomo ulienea mitaani, mahakama zikatoa amri dhidi ya wadaiwa, na umati ukaandamana hadi gerezani kuwatoa waliofungwa. Serikali ililazimika kuingilia kati na kuweka sheria ya kudhibiti kodi za ardhi.

Mgomo huu kwa kawaida huelezwa kama tukio la siasa za mjini au za tabaka, na maelezo hayo ni sahihi. Lakini unastahili pia kusomwa kama tukio katika historia ya matunzo. Kwa mjane au mzee wa Ng'ambo, kibanda kisicholipiwa ardhi kilikuwa ndicho pensheni yake. Alikuwa na uwezo wa kukaa humo, kukodisha chumba kimoja na kuishi kwa kipato hicho. Ardhi ilipoanza kutozwa, akiba ya uzeeni ilipungua mwezi kwa mwezi. Kwa kuwa njia ya kadhi ilikuwa imefinyika na ofisi haikuwa na dirisha la malalamiko ya watu kama hao, dai lilitoka kwa njia ya barabara. Mgomo ulikuwa dai lililokosa mahali pa kupokelewa.

4.3 Welezo na Ustawi wa Baada ya Vita

Kwa wale wasio na kibanda wala jamaa, kulikuwa na Welezo, nje kidogo ya mji, ambako Misheni ya Kikatoliki ilihudumia maskini na wagonjwa wa ukoma kwa msaada wa fedha za serikali. Mpango huo ulikuwa wa nafuu kwa dola: serikali ilitoa ruzuku, wamisionari wakatoa kazi. Kwa vigezo vya makala haya, ulikuwa mpango wa huruma ya kweli na dai dogo. Mkazi wa Welezo, ambaye mara nyingi alikuwa Mwislamu aliyezeeka mbali na kwao, alitunzwa na watu aliokuwa na sababu ya kuwashukuru na asiyekuwa na uwezo wa kuwahoji.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Sheria za Maendeleo na Ustawi wa Makoloni za mwaka 1940 na 1945 zilileta lugha mpya ya ustawi wa jamii. Mpango wa maendeleo wa miaka kumi wa 1946–1955 uligusa makazi, afya na elimu, na kituo cha jamii cha Raha Leo kilichojengwa Ng'ambo kilikuwa alama ya lugha hiyo. Mgomo mkuu wa wafanyakazi wa mwaka 1948 ulionyesha kwamba ustawi uliopangwa kutoka juu haukuwa umewafikia walio chini.

5.0 Dola Mlezi, 1964–1980

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalibadili jibu la swali la kwanza, la dhamana, kwa kishindo. Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilitangaza kwamba matunzo ya mnyonge ni wajibu wa dola. Ardhi ilitaifishwa na kugawiwa. Elimu na matibabu vilitangazwa kuwa bure. Nyumba za wazee zilijengwa Sebleni, na mzee asiye na mtu alihamishiwa katika chumba chenye paa imara, chakula na matibabu. Ujenzi wa nyumba za ghorofa, ukiwemo wa Michenzani, ulikusudia kufuta mpaka wa kihistoria kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo.

Ukubwa wa mabadiliko hayo haupaswi kupunguzwa. Kwa mara ya kwanza, mtu aliyezaliwa katika utumwa au katika kizazi cha watumwa alitunzwa pasipo kutajwa kwa jina la bwana wake. Hadhi ambayo wakfu haukuweza kuitoa, Mapinduzi yaliitoa.

Lakini kwa upande wa hesabu na dai, hali ilikuwa tofauti. Baraza la Mapinduzi lilitawala kwa amri. Hapakuwa na uchaguzi wala chombo cha kuwakilisha wananchi hadi Baraza la Wawakilishi lilipoanza mwaka 1980, kufuatia Katiba ya mwaka 1979. Katika miaka hiyo 16, mzee wa Sebleni alipewa mengi kuliko mtangulizi wake wa Welezo. Hata hivyo, chakula kilipopungua au paa lilipovuja, hakuwa na sheria ya kuitaja wala mwakilishi wa kumwendea. Huduma ilitolewa kama matunda ya Mapinduzi, na matunda hupokelewa kwa shukrani. Kulalamika kuliweza kutafsiriwa kuwa ni kuyakana Mapinduzi yenyewe.

Mali za wakfu nazo ziliingia katika kivuli. Baadhi ya nyumba na mashamba zilichukuliwa pamoja na mali nyingine za watu binafsi, na kodi za nyumba zilizobaki ziliwekwa chini kiasi cha kutotosha matengenezo. Wapangaji maskini wa Mji Mkongwe walinufaika na kodi hiyo ndogo, huku kuta za chokaa na mawe zikiendelea kuporomoka juu yao. Matunzo ya leo yalilipwa kwa mtaji wa kesho.

6.0 Kurejea kwa Sheria, 1980–2014

Kuanzia mwaka 1980, taasisi zilianza kuandikwa upya. Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na sheria nyingine mwaka 2007. Katiba ya mwaka 1984 iliweka tamko la haki za msingi na malengo ya mwelekeo wa siasa. Hata hivyo, kurejea kwa sheria kulitokea wakati hazina ikipungua. Bei ya karafuu katika soko la dunia ilianguka katika miaka ya 1980, na dola iliyojenga ulezi wake juu ya zao moja ilikosa fedha za kuutunza. Nyumba za wazee za Sebleni, Welezo na Limbani, Pemba, ziliendelea kuwapo, lakini uwezo wake ulikuwa wa wakazi wachache, ilhali wazee walio wengi waliishi na kuzeekea majumbani.

Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, ulijibu sehemu tu ya tatizo. Uliwahusu waajiriwa wa sekta rasmi, waliokatwa mishahara na kuchangiwa na mwajiri. Mkulima wa mwani wa Paje, mvuvi wa Nungwi, mchumaji wa karafuu wa Wete na mama muuza samaki wa sokoni hawakuwa na mshahara wa kukatwa. Kwa kuwa wanawake wengi walifanya kazi nje ya ajira rasmi, mgawanyo wa pensheni ulirithi mgawanyo wa kazi wa maisha mazima.

Pengo hilo lilipata wasemaji. Jumuiya ya wastaafu na wazee, JUWAZA, ikishirikiana na shirika la HelpAge International, ilidai malipo ya uzeeni kwa wote. Hili ni jambo jipya katika historia inayosimuliwa hapa. Katika mgomo wa 1928 madai yalitoka barabarani. Katika kipindi hiki yaliingia katika vikao vya kuandaa sera, yakiwa na hoja na hesabu zake. Sera ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 2014 ililikubali wazo la pensheni isiyotegemea michango, na miaka miwili baadaye malipo yakaanza.

7.0 Pensheni Jamii na Swali la Mlango

Faida kubwa ya kiutawala ya Pensheni Jamii ni wepesi wa kanuni yake. Mipango inayolenga maskini peke yao humpa ofisa au kamati uwezo wa kuamua nani ni maskini wa kutosha. Uamuzi huo hufungua nafasi ya upendeleo, na hata usipofanyika upendeleo, hufungua nafasi ya shaka. Kanuni ya umri huondoa sehemu kubwa ya uwezo huo. Tajiri na maskini husimama katika foleni moja, na hakuna anayelazimika kuonyesha umaskini wake kwa jirani. Zaidi ya watu 20,000 waliandikishwa mwanzoni, na fedha zililipwa mkononi katika vituo vilivyo karibu na makazi yao.

Hata hivyo, kanuni nyepesi huhitaji uthibitisho, na uthibitisho una mwenye kuushika. Aliyetimiza miaka 70 mwaka 2016 alizaliwa mwaka 1946 au kabla yake, na wengi wa kizazi hicho walizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga wa mtaa. Kumbukumbu ya umri wao ilikuwa katika matukio na katika vichwa vya watu, ilhali mpango ulihitaji kitambulisho. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 2005, kilihitaji kupitia kwa sheha. Na sheha ni mteule wa serikali, si mchaguliwa wa wakazi. Malalamiko kwamba masheha waliwanyima baadhi ya watu barua za ukaazi yalisikika kwa nguvu katika uandikishaji wa wapiga kura wa mwaka 2009, hasa Pemba. Kwa hiyo, mlango wa Pensheni Jamii ulijengwa juu ya kizingiti ambacho tayari kilikuwa na historia ya kugombaniwa.

Hapa ndipo uhusiano kati ya matunzo na siasa unapoonekana kwa uwazi zaidi. Pensheni iliondoa hiari ya ofisa katika swali la nani ni maskini, lakini ikaiacha katika swali la nani ni mkaazi na ana umri gani. Mzee aliyekuwa na kitambulisho alikuwa mstahiki kamili. Mzee asiyekuwa nacho alibaki mwombaji, na aliyemwomba alikuwa jirani mwenye mamlaka.

Jambo la pili ni msingi wa kisheria. Mpango ulianza kwa uamuzi wa serikali uliotokana na sera. Sera huonyesha nia, lakini haimpi mtu hoja ya kupeleka mahakamani. Sheria ya masuala ya wazee ya mwaka 2020 ililijibu sehemu ya tatizo hilo kwa kuyapa matunzo ya wazee mwega wa kisheria, na kiwango cha malipo baadaye kilipandishwa hadi shilingi 50,000. Kwamba kiwango kilikaa miaka kadhaa bila kubadilika huku bei za vyakula zikipanda ni ukumbusho kwamba stahiki isiyo na kanuni ya kupandishwa hupungua thamani pasipo mtu yeyote kutangaza kuipunguza.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba historia ya matunzo Zanzibar si safari ya moja kwa moja kutoka gizani kwenda kwenye utawala bora. Wakfu ulimpa mtunzwaji dai la kisheria ndani ya jamii iliyomnyima usawa. Kamisheni ya mwaka 1905 ilileta kumbukumbu na ikahamisha hesabu kutoka kwa mlengwa kwenda ofisini. Mapinduzi yaliondoa daraja na kupanua huduma, lakini yakaitoa huduma hiyo kama hiba. Pensheni Jamii ilirejesha stahiki na kuiunganisha, kwa mara ya kwanza, na usawa wa wote.

Matokeo mawili yanafuata kutokana na hoja hiyo. Kwanza, tathmini ya utawala bora katika huduma za jamii haipaswi kuishia kwenye kuhesabu waliofikiwa na fedha zilizotumika. Ukaguzi unaoelekea juu peke yake unaweza kuwa safi huku aliyenyimwa akikosa pa kusemea. Ndivyo ilivyokuwa kwa daftari la Kamisheni. Orodha ya walipwaji wa kila shehia ikibandikwa hadharani, na rufaa dhidi ya uamuzi wa sheha ikisikilizwa na chombo kisichokuwa cha sheha mwenyewe, hesabu itaelekea pia kwa mwenye haki.

Pili, nyenzo za kufikiria uwajibikaji zimo ndani ya historia na lugha ya jamii husika. Mutawalli wa karne ya 19 na ofisa wa ustawi wa jamii wa karne ya 21 wanafanya kazi zinazofanana: wote wawili wameshika mali isiyokuwa yao, kwa ajili ya watu wasiokuwa na nguvu ya kuichukua. Sheria ya wakfu ilimtambua mlengwa kuwa na haki ya kumwuliza msimamizi. Utawala wa huduma za jamii utafikia kipimo hicho siku ambapo mzee asiyesoma, asiye na mtoto wala jamaa serikalini, atakapokuwa na mahali pa kuuliza kwa nini jina lake halimo katika orodha, na akajibiwa.